Kamio Iliyopita Maiti

Niko na miaka makumi sita na mbili. Nimepona ndui, vita mbili ya Wazungu na chui moja ya Walikale. Lakini mambo ya leo asubui sijaonaka.

Musome hii karatasi yangu hapa ku mulango ya duka, wandugu.

Tulikuwa juu ya kamio, tunapeleka maiti ya mudogo wangu kule Masisi kumuzika. Polepole, na heshima.

Nyuma yetu kamio ya chumvi inapiga honi, inapiga tu.

Nikasimama (mimi siogopaka muntu!): «Shofere, maiti haipitwi ku njia!»

Akacheka: «Papa, mufu wako hana haraka. Mimi niko nayo!»

Akatupita ku kona, ndani ya vumbi. Barabara ikapinda, yeye hakupinda. Akaanguka mu bonde.

Tukamutosha mu kamio yake, anapumua kidogo. Hospitali ilikuwa nyuma, kule chini. Nikakatala: maiti hairudishwi!

Mujane wa mudogo wangu akasema: «Shemeji, bwana yangu atangoja. Huyu hawezi.»

Tukageuza.

Ku hospitali, munganga akachungulia mu kamio: «Munaleta wafu wawili?»

Mujane akafunga macho ya shofere.

Mwenye anabisha, aulize ule mujane. Kichwa ya shofere ilikuwa ku magoti yake.