Sukari ya Kumwona Mgonjwa

Nikifunua sufuria ya muthokoi, yale mahindi yaliyotwangwa kuondoa maganda, ule mvuke hunirudisha jikoni kwa susu, nyanya yetu. Alikuwa ametoka hospitali na ugonjwa wa sukari, miguu imevimba. Akina mama wa kanisa walikuja kumwona, na kwetu huendi kumwona mgonjwa mikono mitupu. Kila mmoja alimletea pakiti ya sukari.

"Kunywa chai, mama, upate nguvu," walimwambia, machozi yakiwalengalenga.

Susu alishukuru, akazificha pakiti zote chini ya kitanda, kisha akaniita tutwange mahindi. Tukala muthokoi na mboga za kunde. Jioni tulitembea hadi mtoni, yeye akipumzika kila kona, mimi nikimwimbia. Mwezi baada ya mwezi, zile kona zikapungua.

Jumapili ya mavuno alipanda mlima hadi kanisani, karai la sadaka kichwani. Ndani mlikuwa na pakiti zile zile, hazijafunguliwa.

Baada ya ibada sadaka zikapigwa mnada, kama kawaida. Wale akina mama wakashindana kununua sukari yao wenyewe, huku susu akicheza kwa miguu ile ile waliyoililia.