Pua ya Geesje Wouters

Tarehe 9 Machi 1654, Geesje Wouters, mjane wa fundi wa kutakatisha kitani, alipewa chumba katika nyumba ya wajane mjini Haarlem. Masharti yalikuwa machache: aende kanisani, asigombane, asilewe. Anayelewa hutoka.

Geesje hakuwa mlevi. Alikuwa na uso. Mchoraji Lubbert Kamp, jirani wa mtaa wa pili, aliupenda kwa makunyanzi yake na pua yake kubwa nyekundu, naye Geesje alipenda jiko la Lubbert, kwa kuwa chumba chake kilikuwa baridi. Basi aliketi pale achorwe, macho chini, tabasamu mdomoni, kikombe mkononi, gudulia la bia mezani. Picha haikuwa na jina lake. Haarlem watu walinunua nyuso za wazee bila kuuliza ni za nani.

Aliyeinunua hii alikuwa mume wa Bibi Aleida van Tessel, mwanamke aliyeongoza wasimamizi wa nyumba ya wajane. Bibi Aleida aliitazama ukutani wakati wa chakula, akaacha kula.

Kesho yake Geesje aliitwa mbele ya wasimamizi, picha ikiwa mezani.

"Bibi Geesje, hii pua ni ya nani?"

"Pua yangu, mama. Kiu si yangu. Kikombe kilikuwa kitupu."

"Na gudulia?"

"Hilo alilimaliza Lubbert."

Msimamizi mmoja alicheka, kisha akakohoa. Bibi Aleida hakucheka. Wageni wake, alisema, wangeona mjane wa nyumba yao amelewa, na picha haiwezi kujieleza. Ama ibadilishwe, ama Geesje ahame kabla ya Pasaka. Hakuwa na mtoto wa kumpokea.

Lubbert alinung'unika kwamba kikombe kile ndicho kitu bora alichowahi kuchora. Geesje akamwambia, "Basi nitakuja kulala hapa na kikombe chako, mwanangu, maana kwingine sina." Lubbert akachukua brashi. Gudulia likafunikwa na rangi ya ukuta. Mikono ilichorwa upya, ikapewa Biblia. Uso haukuguswa: macho yale yaliyokuwa yakitazama kinywaji sasa yalikuwa yakisoma.

Stijntje, mjane wa chumba cha jirani na cha Geesje, alipoiona alishika kiuno.

"We Geesje! Umejua kusoma tangu lini?"

"Tangu Alhamisi."

"Na hapo unachekelea nini, Maombolezo ya Yeremia?"

"Sijafika mwisho. Nyamaza, unanipotezea mstari."

Bibi Aleida aliikagua picha kwa karibu, akainusa, akasema rangi haijakauka lakini inafaa. Geesje alibaki na chumba. Wasimamizi waliongeza sharti moja: mjane anayetaka kuketi kwa mchoraji aombe ruhusa kwanza, na aseme atashikishwa nini.

Jumatatu asubuhi Geesje na Stijntje walikwenda kuomba ruhusa ya kuketi kwa Lubbert, penye jiko.