Tonge la Mkono wa Kuume

Harufu ya bugali wa muhogo ikinifikia, vidole vya mkono wangu wa kuume hujikunja vyenyewe, na ninarudi kuwa mtoto aliyekalishwa pembeni.

Nyumbani Kalemie tulikula sahani moja, kila mtu kwa mkono wa kuume. Wangu ulikuwa dhaifu tangu kuzaliwa, na kula kwa wa kushoto ni kukosa adabu. Shangazi akanipa kijiko na sahani yangu, kule karibu na mlango.

Mama alikataa. Alizunguka mji mzima akiuliza nani anafundisha mikono ya watoto kufanya kazi. Wote walimtuma Lubumbashi. Mwishowe akampata mwalimu huyo palepale Kalemie, kwenye kituo cha masista: mwanamke mrefu, blauzi ya kijani. Nilidhani atanidunga sindano, nikaanza kulia mlangoni. Yeye akaweka bugali wa moto mbele yangu.

“Mega, mutoto.”

“Mukono yake haina nguvu,” Mama akasema.

“Njo hiyo kazi yenyewe, Mama. Umuache amege.”

Bugali ulinata, ukaniunguza, ukaanguka, ukanitia hasira. Tonge lililofika mdomoni lilikuwa limepondeka na lina chumvi ya machozi. Nikamega lingine.

Jioni ile Mama alinikalisha katikati ya wote. “Shangazi, kijiko yako njo hii.”

Leo mgahawani, mhudumu ameona mkono wangu unatetemeka, akaniletea kijiko bila kuuliza.

“Rudisha hiyo, Papa,” ninamwambia. “Leta maji ya kunawa.”