Pua ya Mashine na Mgebuka wa Saa Sita

Habari hii hapa Tabora inasimuliwa vibaya, wapo wanaosema nilikamatwa nakula mchana wa Ramadhani nyuma ya lundo la matairi, wapo wanaosema mashine ilinitaja kwa jina, kwa hiyo nimeona bora niitoe mwenyewe, maana aibu yote nilishaipata na sidhani kama imebaki ya kuongezwa. Sikula. Hilo mlishike tangu sasa, kwa sababu huko mbele mtasikia mambo mpaka mlisahau.

Kazi yangu ni kupika matairi (ndiyo, kupika, msinicheke mapema). Matairi ya malori yakiota vipara tunayakwangua, tunayavalisha mpira mpya, halafu tunayafungia kwenye tanuri, yaani pipa kubwa la chuma lililolazwa chini, yanaivia humo kwa mvuke mpaka mpira mpya ushikane na wa zamani. Ubaya wa kazi hii ni kwamba kitu kikianza kuharibika, iwe mkanda unaoteleza, iwe beringi iliyokauka grisi, iwe waya unaoungua taratibu, dalili ya kwanza ni harufu, na sisi tunaoshinda humo pua zetu zilishakufa zamani. Jirani akipika pilau mimi sijui mpaka niletewe sahani.

Ndiyo maana bosi wetu, Mama Kalunde, akaleta pua ya umeme. Ilikuja na injinia wake kutoka Dar, dada mmoja anaitwa Neema, mpole lakini hana utani na kazi. Kikasha chenyewe si kikubwa kuliko redio, kinatundikwa juu ya tanuri, kinavuta hewa na kuinusa. Neema akatueleza kwamba kwanza kitajifunza harufu ya karakana iliyo nzima, saa kwa saa, asubuhi inanukaje, mchana inanukaje, na kikishahitimu, siku kikinusa kitu tofauti na kilivyozoea kitakata umeme na kupiga king'ora. Akanichagua mimi niwe msimamizi wake, akaniambia kipindi cha kujifunza kisiingie humu kitu chenye harufu yake, si sigara, si manukato, si chakula. Niliitikia kwa adabu zote, mkono kifuani.

Sasa mimi na mwenzangu Deo, mtu wa Ulyankulu, tulikuwa na desturi. Saa sita tunapasha kitoweo juu ya tanuri. Kitoweo chenyewe ni mgebuka, samaki mkavu wa kuletwa na treni kutoka Kigoma, tunaufunga kwenye gazeti na kuulaza juu ya chuma, ukianza kutoa mafuta basi ugali nao uko tayari. Siku ya kwanza ya mafunzo nilimwambia Deo leo tukapashie nje, tukatoka, mvua ikatunyeshea, nikasema basi tupashe mmoja tu, tena mdogo, mashine haitajua. Kesho yake mvua haikuwepo, ila sisi tulikuwa tumeshazoea kusema mashine haitajua.

Mafunzo yalipokwisha Neema akarudi kutoka Dar, akafungua kompyuta yake, akafurahi, akasema chombo kimejifunza vizuri kuliko alivyotegemea, ila saa sita hapa pana harufu ambayo hajaiona karakana nyingine, pengine ni mvuke. Nikasema, eeh, itakuwa mvuke.

Wakati huohuo mimi nilikuwa nimepeleka posa. Mwanaidi, binti wa Mzee Sefu, yule mfanyabiashara mwenye malori yanayokwenda Igunga. Nilimpenda yule binti mpaka nikawa nasahau kuvaa glavu kazini. Baba yake hakukataa na hakukubali, alimwambia mshenga wangu kwamba yeye kijana anamtazama vitu viwili, kazi yake na ibada yake, na kazi atakuja kuiona mwenyewe. Nami kwa kiherehere changu nilikuwa nimeshamtuma mshenga aseme kwamba mimi ndiye mtaalamu wa mashine inayonusa.

Mwaka huo Ramadhani na Kwaresma ziliingia pamoja. Mimi nikafunga, Deo naye akaweka nia ya kutokula mchana mpaka Pasaka. Siku ya kwanza ya mfungo, saa sita ilipogonga, king'ora kikalia, umeme ukakatika, na matairi yaliyokuwa tanurini yakatoka na malengelenge, hayafai hata kufungia bembea. Tukakagua kila mkanda na kila waya, hakuna kibovu. Siku ya pili saa ileile, vilevile. Deo akakaa chini akaufikiria ule wakati, kisha akaniambia kwa sauti ya chini:

"Masoud, hii mashine inadai chakula chake."

Tukajaribu siku ya tatu. Tukapasha mgebuka, saa sita ikafika, kikasha kikawasha taa ya kijani, kimetulia kama mtoto aliyenyonya. Yaani sisi wawili tumefunga, matumbo yanatuuma, na kila mchana tunaipashia mashine samaki ambaye hakuna wa kumla (alikuwa anaishia kwa paka wa jirani, na paka yule alinenepa mwezi ule mpaka akawa haruki ukuta). Ningeweza kumwambia Mama Kalunde ukweli. Lakini ningeanzia wapi, na Mzee Sefu yuko njiani kuja kumwona mtaalamu? Nikasema tuvute mpaka Idi, halafu nitaungama.

Mzee Sefu hakungoja Idi. Alikuja siku ambayo Deo ametumwa Igunga kupeleka matairi, na Neema alikuwepo, maana Mama Kalunde alitaka malori yote ya mzee yahamie kwetu na akaona injinia asaidie kumvutia. Mzee kavaa kanzu nyeupe na kilemba, mimi ovaroli, nikampa shikamoo yangu ya heshima, akaitikia marahaba huku akinitazama toka juu hadi chini. Saa sita ilikuwa inakaribia. Juu ya tanuri siwezi kuweka kitu, wageni wamesimama palepale. Nikaingia nyuma ya matairi, nikamchukua mgebuka katika gazeti lake, na hapo ndipo nilipofanya uamuzi ambao mpaka leo sijui nani alinishauri, nikamtia mfukoni mwa ovaroli na kurudi kuegemea bomba la mvuke.

Basi nikawa naeleza kazi, paja langu liko bombani, linaungua, na mimi natabasamu. Nilieleza habari za mpira, nikaeleza habari za joto (hizo nilizieleza kwa hisia), nikaona mafuta yanaanza kupenya kitambaa. Nikajua samaki ameiva. Ila samaki wa mfukoni si sawa na samaki wa tanurini, harufu haikufika juu ya kutosha, na saa sita ilipogonga king'ora kikalia na umeme ukakatika.

Neema akatoa kile kinusio chake kidogo cha mkononi, chenye mrija na taa, cha kutafutia penye hitilafu, kinachofuata yaleyale kilichojifunza kile kikasha. Akakipeleka kwenye mkanda, taa nyekundu. Kwenye kompresa, nyekundu. Kwenye ukuta mtupu, nyekundu. Akapita mbele yangu, ikawaka kijani. Akasimama. Akaenda hatua mbili mbele, nyekundu, akarudi kwangu, kijani. Madereva waliokuwa nje walishaingia kuangalia.

"Mama," Neema akamwambia bosi, wala hakuwa anatania, "chombo kinasema karakana nzima ni mbovu isipokuwa Masoud."

Mama Kalunde akaanza kunitazama kwa fahari. Mzee Sefu, yeye pua yake haikufa, akasogea, akavuta hewa mara moja tu.

"Toa ulichonacho mfukoni."

Nikatoa. Gazeti lilikuwa limelowa na kuchanika, mgebuka akatokeza kichwa akamtazama mzee. Na paka, sijui alikuwa wapi, akafika saa hiyohiyo kama alivyozoea na kuanza kujisugua kwenye mguu wangu. Nilitamani nifungiwe tanurini na matairi.

"Mchana wa Ramadhani," mzee akasema taratibu.

Nikaapa kwamba nimefunga. Akanijibu kwamba hajawahi kumwona mtu aliyeshikwa na samaki wa moto akasema hakufunga. Nikaona Mwanaidi ananiponyoka hivihivi, nikaachia yote, mvua, gazeti, Deo, matairi ya malengelenge, paka. Mama Kalunde alisikiliza ameshika tama. Nilipomaliza hakuna aliyeniamini, na hata mimi nilivyojisikia nikisema nilijitilia shaka. Ila Neema alikuwa ananisikiliza kama injinia.

"Saa hizi chombo hiki kikinusa samaki kinawasha kijani," akasema. "Kaka Masoud, fungua mdomo."

Mbele ya bosi, mbele ya madereva, mbele ya baba wa mwanamke ninayemtaka, nikapanua mdomo na ule mrija ukaingizwa. Mdomo wenyewe haujaona maji tangu daku, na daku nililila na kachumbari ya vitunguu. Taa ikawa nyekundu. Kisha kile chombo kidogo, ambacho sikujua kama nacho kina king'ora, kikalia.

"Hitilafu kubwa," Neema akasoma. "Samaki hakuna humu."

Mzee Sefu akaomba irudiwe. Nikapanua tena, kikalia tena. Dereva mmoja akatoka nje kwenda kucheka kwa nafasi. Sijawahi maishani kufurahi hivyo kuambiwa nimeoza, machozi yalinilenga kabisa. Mzee aliziba pua kwa ncha ya kilemba, akaenda zake kwenye gari, mabega yanamtikisika, nami nikadhani ni hasira.

Jioni mshenga akaja kuniambia naitwa kufuturu kwa Mzee Sefu. Nilikwenda na moyo mkononi. Sinia likaletwa, kawa likafunuliwa, katikati yake yuko mgebuka mmoja, mkubwa, na nyumba nzima inanitazama. Nyuma ya pazia nikamsikia Mwanaidi anacheka mpaka anashindwa kupumua. Nilimla mzima, hadi kichwa, na mzee aliponiona nimemaliza akasema posa imepokelewa.

Usimamizi wa mashine nilinyang'anywa, na nilistahili. Pua ilifundishwa upya baada ya Pasaka, tukila nje, mvua inyeshe isinyeshe, na nimeapa sitapasha hata punje ya mahindi mbele ya kitu kinachojifunza, kwa sababu kitashika kila tabia yangu na kuja kunidai mbele za watu. Paka bado anakuja saa sita. Na nyumbani nikichelewa, nikasema nimetoka kazini moja kwa moja, Mwanaidi huniambia nifungue mdomo, nami nafungua bila ubishi, maana ni huohuo ulionipatia mke.