Bibi alivyoisalimia kompyuta yangu

Washikaji, leo kompyuta yangu imesalimiwa kwa heshima ambayo mimi sijawahi kupata.

Asubuhi bibi kaja kutoka kijijini, Mwimbi. Mimi niko bize na kiprogramu kipya kinachogeuza muziki kuwa rangi kwenye skrini. Nikamtupia shikamoo bila hata kugeuka.

Hakuitikia. Chai akaikataa.

Mchana nikaona nimbembeleze. Nikamwita chumbani, nikafunga pazia, nikaweka bongo fleva. Rangi zikatiririka kama mafuta ya taa juu ya maji.

Bibi akaangalia pembeni.

Nikazima muziki, skrini ikawa nyeusi. Ndipo akachuchumaa mbele yake, akapiga makofi taratibu, vile sisi Wafipa tunavyosalimia mtu wa kuheshimiwa.

Maikrofoni nilikuwa nimeiacha wazi, jamani.

Kila kofi, duara la buluu likafunguka gizani, likatanuka polepole, likayeyuka. Akapiga tena. Likajibu tena. Chumba changu hiki cha Katandala kikawa kama tumekaa chini ya ziwa.

Nikafungua mdomo nimweleze. Akaninyamazisha kwa mkono.

"Huyu ameitikia," akasema. "Wewe ulinisalimia kwa kisogo."

Nikashuka kwenye kiti. Nikachuchumaa pembeni yake, nikapiga makofi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba."

Duara langu na lake yakakutana katikati ya skrini.

Sasa hivi anakunywa chai. Nimwambie habari za maikrofoni, au ninyamaze tu? Mngekuwa nyie?