Siku Baba Alipoishukuru Shule

Kila nikisikia harufu ya rangi mbichi ya mafuta, hasira hunipanda. Nilikuwa darasa la nne, kijijini kwetu karibu na Katoro, wenye mgodi walipojenga shule mbili: moja ndani ya fensi, ya watoto wa wazungu, na nyingine nje, yetu sisi weusi. Kuta zilipakwa rangi ileile ya krimu, madirisha yakalingana. Ila ya ndani ilikuwa na maktaba, maji ya bomba na chumba cha sayansi. Ya kwetu ilikuwa na ubao na mwalimu mmoja. Nami nilitaka kuwa daktari wa mifugo, maana ng'ombe wetu walikufa bila mtu kujua walichougua. Baba, Mzee Masanja, mfugaji asiyejua kusoma, alifungua kesi ili niingie ndani.

Siku ya kesi alivaa koti lake la kanisani, kwenye joto lile. Hakimu akamuuliza, "Mzee Masanja, mtoto wako anayo shule?" Wenye mgodi walikuwa wamekaa palepale. Sasa, kwetu Usukumani mtu hakashifu alichopewa huku aliyempa anamtazama. Hata ukipewa ndama kilema unashukuru kwanza, malalamiko utayapeleka baadaye kupitia jirani. Baba akainamisha kichwa. "Anayo, mheshimiwa. Wabeja sana, tunashukuru." Nilitamani kumvuta koti. Hukumu ikawa fupi: shule zinafanana, na mlalamikaji mwenyewe ameridhika. Njiani nililia, "Baba, kwa nini hukusema hatuna hata vitabu?" Akanijibu kwa upole ulionichoma zaidi, "Mwanangu, usitukane wakunga na uzazi ungalipo." Nilimnunia hadi mavuno. Darasa la saba nilifeli, nikaolewa.

Miaka mingi baadaye wazazi wengine walifungua kesi kama ile, na mahakama ya juu ikasema kumtenga mtoto kwa asili yake ni kumnyima haki, hata kuta zikifanana. Jaji hakujali nani alishukuru. Baba hakuishi kulisikia hilo. Leo watoto wa kijiji wanapita geti la fensi ile kwenda shule ya ndani, na binti wa jirani yangu hunisimulia alichokiona kwenye hadubini. Namfurahia, na wivu ninao, sitadanganya. Watu huniambia haki ya mtu haipotei. Mimi nina miaka arobaini, nauza nyanya sokoni Katoro, na hakuna jaji wa kunirudisha darasa la nne.