Koti la Februari

Wewe unayeliangalia koti hili, cheka tu, nimezoea. Umenikuta Thika, mwezi wa pili, jua liko utosini, mbwa wamejificha kivulini, na mimi nimefunga vifungo mpaka shingoni. Wengine husema ni uzee, wengine husema ni wazimu. Nitakueleza ilivyokuwa na sitatia chumvi, maana jambo lenyewe linatosha. Lilinipata nikiwa macho, nina akili zangu zote, na mke wangu alikuwepo.

Kwanza tuelewane kuhusu baridi ya huku. Thika na Ruiru hazina baridi ya kumtisha mtu. Mwezi wa saba kuna ukungu na manyunyu, watu wanatoa masweta sandukuni na kulalamika kana kwamba wanaishi juu ya Mlima Kenya, halafu ikifika saa nne wameyafunga kiunoni. Baridi yetu ina adabu. Inapiga hodi, inakaa kidogo, inaaga. Joto ndilo halina heshima. Kuanzia Krismasi mpaka mvua ndefu zije, mabati yanalia mchana kutwa na hata maji ya kunywa yana uvuguvugu. Kwa hiyo nikikwambia nilikutana na baridi ya kweli huku, tena Februari, ujue sizungumzii hali ya hewa.

Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa Hali ya Hatari. Nilikuwa kijana, nimetoka Maragoli na mke wangu Rasoa kutafuta kazi, nikaipata katika shamba moja la kahawa nje ya Ruiru. Niliwekwa kwenye meza za kuanikia. Kahawa iliyooshwa hutandazwa juu ya meza ndefu za waya ikauke, lakini adhuhuri jua likizidi lazima uifunike kwa magunia, la sivyo ganda linapasuka na nyapara anakusomea mpaka jioni. Tukishafunika tulienda kula. Usiku hakuna aliyetembea, amri ya kutotoka nje ilikuwa kali. Wanaosema mambo haya hutokea usiku tu, basi waniambie mbona yangu yalitokea saa ya chakula cha mchana.

Siku hiyo nilikimbia nyumbani bila hamu ya chakula. Binti yetu wa kwanza, Kageha, hajajua hata kukaa, alikuwa ameshikwa na homa. Dispensari walitupa dawa, akaitapika. Nilimkuta Rasoa ameketi sakafuni kwenye kile chumba chetu cha mabati, anamkanda mtoto kwa kitambaa ambacho maji yake yalikuwa moto kama chai.

"Amekataa titi," aliniambia. "Na saa hii amenyamaza. Baba Kageha, hii kunyamaza mimi siipendi."

Nilimgusa mtoto, nikauondoa mkono. Niliogopa, na sioni haya kusema hivyo. Nikachukua debe nikatoka kutafuta maji baridi, ingawa nilijua bombani hakuna maji ya namna hiyo.

Hapo njiani, kati ya miti ya kahawa na nyumba zetu, ndipo nilipomwona mwanamke. Alikuwa mtu mzima, amevaa koti zito la jeshi, na juu ya koti amejifunga blanketi. Alibeba kiondo kilichofunikwa kwa jani la mgomba. Alikuwa anatetemeka, niamini, meno yanagongana mpaka nayasikia. Nikafikiri ana malaria kama mtoto wangu.

"Mama, habari ya safari?"

"Ni mbaya, mwanangu. Naomba kukaa kidogo kwa moto yako."

Kwa moto, na jua lile! Lakini kwetu mgeni haulizwi maswali akiwa amesimama. Kwanza unampokea mzigo, halafu unampa mahali pa kukaa, maswali ni ya baadaye. Nilifundishwa hivyo tangu nikiwa mdogo, na naamini na wewe ulifundishwa. Nikaweka debe chini, nikanyoosha mikono miwili, nikakipokea kiondo.

Hakikuwa na uzito wowote. Ila baridi iliniingia kupitia vidole, ikapanda mikono, ikashuka kifuani ikakaa. Sijui niieleze vipi. Mwanamke naye aliacha kutetemeka papo hapo. Alivua blanketi, akavua koti, akaligeuzia jua uso wake. Jasho likamtoka na akaanza kulia.

"Nimezunguka na huu mzigo mpaka miguu ikaisha," akasema. "Wewe ndiyo mtu ya kwanza kunipokea."

"Una nini ndani?"

"Hata mimi sikuuliza. Nilimpokea mama mmoja huko Limuru, hivi hivi tu." Akanivisha lile koti mabegani. "Hii utaihitaji."

Akashika njia ya Mugutha, akipunga mikono hewani kama mtoto aliyetolewa nguo. Nikafunua jani la mgomba. Kiondo kilikuwa kitupu.

Niliingia ndani natetemeka. Rasoa alifungua kinywa aniulize, nami nikamchukua mtoto nikamlaza kifuani, ndani ya koti. Nilikaa naye hivyo. Kahawa ilifunuliwa na wengine siku hiyo. Jua lilipoanza kuinama Kageha alitoa jasho, akalia, akatafuta titi la mama yake. Rasoa alipotaka kunivua koti alishika mkono wangu, akauachia haraka.

Kiondo nilikichoma. Baridi ilibaki. Je, yule mwanamke alikuja kuninyang'anya joto langu au kuniokolea mtoto? Nimewaza miaka yote hii na bado sijui.

Zamani sikujua hata baridi hii inavyohama. Kisha siku moja Mutua, tuliyefanya naye kazi, alinikuta njiani nimebeba kikapu cha mahindi, akanipokea kwa wema wake. Mara moja nilihisi jua mgongoni. Jasho likanitoka, na lilikuwa tamu, nakwambia, ningeweza kucheza ngoma pale barabarani. Kisha nikamwona Mutua midomo inatetemeka. Nikamnyang'anya kikapu changu, baridi ikanirudia, na hakuwahi kuelewa kwa nini. Tangu hapo mzigo wangu naubeba mwenyewe, hata ukiwa mkate tu.

Kageha sasa ni mama wa watu, ana nyumba yake hapo Mugutha. Nikienda kumtembelea hutoka nje mbio na kunyoosha mikono miwili anipokee mfuko, kama tulivyomlea. Kila mara naukumbatia.

"Baba, mimi nimekuwa mgeni kwako?" aliniuliza majuzi, macho yamejaa machozi. Iliniuma sana. Rasoa alikufa bila kumwambia, nami sitamwambia. Namjua mwanangu. Akijua, ataupokea mzigo huu kwa nguvu.

Kwa hiyo ukikutana na mtu aliyevaa koti mwezi wa pili, msalimie, mpe maji, mpe kiti. Mzigo wake uliza kwanza, hata kama ulilelewa vizuri. Na Kageha ukimwona, tafadhali, nyamaza.